Sinema bila bando: Ruta inavyoweza kupunguza gharama Kasese na Bwera

KASESE, Uganda. Kwa viwango vinavyotolewa na kampuni ya Netflix, saa moja ya filamu yenye picha za ubora wa juu hutumia hadi gigabaiti 3 za data. Filamu ya saa mbili, basi, inaweza kumeza gigabaiti 6. Watoto watatu wa nyumba moja wakiitazama kila mmoja kwa simu yake na kwa wakati wake, mzazi analipia filamu ileile mara tatu.

Kwa Waganda, mzigo huo una kodi ndani yake. Kuanzia Julai 1, 2018, mtumiaji wa mitandao ya kijamii alitozwa Sh200 za Uganda kwa siku. Julai 2021 tozo hiyo iliondolewa, ikaja nyingine ya asilimia 12 juu ya bei ya data, mbali na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Anayenunua bando, awe mjini Kasese au Bwera karibu na mpaka wa Mpondwe, amekwisha kuilipa kabla ya kubonyeza chochote.

Ipo safari moja ya picha isiyogusa bando: kutoka kompyuta iliyo chumbani hadi runinga iliyo sebuleni.

Ruta hufanya kazi mbili ambazo wengi huzidhani ni moja. Ya kwanza ni kuingiza intaneti nyumbani. Ya pili ni kuunganisha vifaa vya ndani vyenyewe kwa vyenyewe. Kazi hii ya pili haihitaji intaneti, na huendelea hata bando likiisha. Asiye na ruta anaweza kuwasha hotspoti ya simu. Simu nyingi za Android huunganisha vifaa hata data ikiwa imezimwa.

Lugha inayowezesha kompyuta na runinga za kampuni tofauti kuelewana inaitwa DLNA. Ilitokana na umoja wa kampuni za elektroniki ulioundwa mwaka 2003, zikiwamo Sony na Intel. Umoja huo ulivunjwa mwaka 2017, lakini runinga nyingi zenye Wi-Fi bado zinaielewa. Windows ina sehemu yake ya kugawana video na muziki, na programu ya bure kama Jellyfin hufanya kazi hiyo kwa mpangilio mzuri zaidi.

Hatua si nyingi. Kompyuta na runinga ziunganishwe kwenye ruta moja. Video ziwekwe katika folda moja, na folda hiyo pekee iruhusiwe kuonekana, kwa kuwa kila aliye na neno la siri la Wi-Fi anaweza kuifungua. Kisha rimoti itumike kutafuta jina la kompyuta kwenye orodha ile ile yanapoonekana matundu ya HDMI na USB.

Matatizo yapo. Runinga inaweza kukataa faili isiyo ya aina inayoifahamu, na kompyuta ya zamani ikilazimika kuigeuza papo hapo, picha hukwama. Faili za MP4 zilizotengenezwa kwa mfumo wa H.264 ndizo husumbua kidogo zaidi. Ukuta mnene hudhoofisha Wi-Fi, hivyo waya kati ya kompyuta na ruta husaidia. Runinga isiyo na Wi-Fi itahitaji waya wa HDMI au flashi. Na umeme ukikatika, kompyuta ya mapajani yenye betri nzima haiokoi kitu ikiwa ruta na runinga zimezimika.

Kwa Bwera kuna faida ya ziada. Ng'ambo ya mpaka ni Kasindi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na simu iliyo karibu na mpaka inaweza kushika mnara wa upande wa pili na kutozwa kama iliyo ugenini. Mtandao wa ndani ya nyumba hauvuki mpaka wowote.

Swali linalobaki ni nini kiwekwe ndani ya kompyuta hiyo. Afrika Mashariki ina desturi ndefu ya kuzipa filamu za kigeni sauti ya nyumbani. Uganda ina mafundi wa vibanda vya video kama VJ Jingo, Kenya ina DJ Afro, na Tanzania ilikuwa na Lufufu. Lakini kazi ya Uganda imetawaliwa na Luganda, ilhali wenyeji wengi wa Bwera huzungumza Lukonzo, lugha iliyo karibu sana na Kinande cha Beni na Butembo. Video ya harusi au ya mazishi ya mzee, iliyorekodiwa na vijana wa ukoo na kukaa kwenye simu ya mtu mmoja, ina watazamaji pande zote mbili za mpaka.

Yapo pia masomo. Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya Uviko-19, na hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022. Somo lililopakuliwa mara moja na kuhifadhiwa lingeweza kutazamwa na watoto wote wa nyumba, na kurudiwa, bila kununuliwa tena.

Hilo halihalalishi kila nakala. Sheria ya hakimiliki ya Uganda ya mwaka 2006 inamlinda mwenye kazi, na kunakili filamu na kuiuza bila idhini yake ni kosa. Kilicho salama ni kile ambacho familia imekirekodi yenyewe, imekinunua au imeruhusiwa kukipakua na kukihifadhi.

Kabla ya yote, nakala ya pili iwekwe kwenye diski nyingine. Diski ya kompyuta hufa bila taarifa, na filamu ya Hollywood inaweza kupatikana tena. Sauti ya mzee aliyezikwa haipatikani.