Kabla Hujafupisha Leva ya Gia

Gari la gia za mkono likishatembea miaka kumi na zaidi hupata ugonjwa ambao mwenyewe huuzoea bila kuutambua: leva ya gia inacheza. Liko kwenye gia ya tatu, lakini ukigusa kichwa cha leva kinayumba kushoto na kulia kana kwamba liko frii. Ukiitafuta ya pili, mkono unasafiri mwendo mrefu kabla ya kuhisi chochote. Ndipo mwenye gari anaposikia habari za leva fupi, ile inayouzwa ili gia ziingie kwa mwendo mdogo wa kiganja, na kutaka afungiwe wiki hiyohiyo. Leva hiyo ni kifaa kizuri, ila haitibu mchezo huo. Ikifungwa kabla ya kazi nyingine kufanyika, hela imepotea.

Leva ya gia hufanya kazi kama mtarimbo. Imeegemea kwenye gololi; upande wa juu, ulio mrefu, ndio unaoushika, na upande wa chini, ulio mfupi, ndio unaosukuma fimbo au kebo ziendazo kwenye giaboksi. Tuchukue mfano wa hesabu tu: juu milimita 200, chini milimita 40. Ili ncha ya chini isogee milimita 20, kiganja chako lazima kisafiri milimita 100. Ukirefusha ule upande wa chini ufike milimita 50, kiganja kitasafiri 80 tu. Safari imepungua kwa asilimia 20, lakini nguvu utakayotumia imepanda kwa asilimia 25, maana kazi iliyoko ndani ya giaboksi haikupungua hata chembe. Ukitaka kupunguza safari kwa asilimia 40, nguvu inapanda kwa karibu asilimia 67. Wauzaji hutaja ile namba ya kwanza na kuiacha ya pili. Wapo pia mafundi wanaokata leva kwa juu na kuichonga nyuzi upya. Hesabu ni ileile, ila sasa mkono unashuka mbali zaidi na usukani.

Upungufu wa safari hauondoi mchezo. Kama sehemu ya tano ya mwendo wa leva yako inapotea kwenye mipira iliyochoka, leva fupi itapoteza sehemu ileile ya tano, tena kwenye nafasi iliyobana zaidi.

Mchezo unatoka wapi? Nichukue Subaru Impreza ya gia tano, ndugu wa ile ya mashindano ambayo dereva Colin McRae alishindia Safari Rally mwaka 1997, na gari ambalo bado lina wapenzi wengi Kenya, Uganda na Tanzania. Leva yake haiingii moja kwa moja kwenye giaboksi. Kuna fimbo inayopeleka amri ya mkono, na kuna fimbo ya pili inayoshikilia kitako cha leva, mbele ikiwa imefungwa kwenye giaboksi na nyuma ikiwa imeegemezwa kwenye bodi kwa bushi ya mpira. Lipandishe gari, lizime, mtu mmoja akae ndani abadilishe gia taratibu, wewe uwe chini na tochi. Utaona jambo ambalo halionekani kutoka kwenye kiti: leva ikisukumwa, ile fimbo ya pili nayo inainuka na kushuka, mpira wake umepasuka pembeni na kung'aa kwa mafuta. Sehemu ya nguvu ya mkono wako inaliwa pale pale, kabla haijafika kwenye gia.

Angalia pia mauntini ya giaboksi, na kile kishikizo kifupi kinachounganisha giaboksi na ukuta ulio nyuma ya enjini. Vikichoka, enjini na giaboksi hutikisika kila unapokanyaga au kuachia mafuta, na leva inafuata. Dalili yake ni rahisi: ukiachia mafuta ghafla, leva inaruka yenyewe.

Kwenye Hilux na Land Cruiser, ambazo leva inaingia moja kwa moja kwenye giaboksi, mkosaji mara nyingi ni kikombe kidogo cha plastiki kinachokaa kwenye ncha ya leva. Kikisagika, leva inazunguka kama kijiko kwenye sufuria, na bei ya kingine ni ndogo sana. Magari yenye kebo hupoteza uimara kwenye vishikio vya ncha za kebo hizo.

Bushi mpya za mpira wa kiwandani zitarudisha gari lilivyokuwa. Za poliurethani ni ngumu zaidi na gia zitahisika wazi, ila mtetemo wa enjini utafika mkononi na mngurumo kidogo utaingia ndani. Bushi za shaba au alumini hazibonyei kabisa. Hizo waachie wanaoshindana. Kwa gari linalokwenda kazini na kurudi, mimi huchagua poliurethani kwenye fimbo na mpira kwenye mauntini.

Tukirudi kwenye leva fupi: ndani ya giaboksi kuna pete, nyingi zikiwa za shaba, ambazo kazi yake ni kusawazisha mizunguko ya gia kabla haijashikana. Zinahitaji muda, hata kama ni wa kufumba na kufumbua. Leva fupi yenyewe haizili. Zinaliwa na mkono unaolazimisha gia kwa sababu safari imekuwa ndogo. Ukisikia gia ikikwaruza, kagua klachi kwanza, kisha oili. Oili za daraja la GL-5 zina viungo vinavyoweza kushambulia shaba, kwa hiyo giaboksi nyingi hutaka GL-4. Subaru wao hushirikisha oili moja kwa giaboksi na difu ya mbele, na kitabu cha gari ndicho cha kufuata, si mazoea ya duka la spea.

Hatari ninayoiogopa zaidi ni kukosea gia. Nafasi kati ya gia zikisogeleana, dereva anayetoka ya tatu kwenda ya nne anaweza kuangukia ya pili. Kwa Impreza ambayo uwiano wa gia ya tatu ni kama 1.37 na wa ya pili kama 1.95, enjini iliyokuwa kwenye mizunguko 6,000 itasukumwa na magurudumu hadi zaidi ya 8,500. Kile kizuizi cha mizunguko hukata mafuta tu. Hakiwezi kuyazuia magurudumu. Valvu zikigongana na pistoni, hesabu ya enjini mpya inaanza hapo.

Kwa hiyo anza na klachi na oili, fuata bushi, kisha mauntini, halafu liendeshe gari mwezi mzima. Wengi watakuta hawahitaji tena leva nyingine. Kama bado unaitaka, nunua inayopunguza safari kwa asilimia 20 hadi 30, iliyotengenezwa kwa ajili ya giaboksi yako hasa. Inayoahidi nusu nzima, kwa gari la barabarani, usiinunue.