"Vibaya" Si Hukumu ya Mtu

Muhula uliopita insha yangu ilirudi na maneno mawili tu ya Kiingereza pembeni: "poorly argued". Nilinuna siku nzima, eti nimeitwa mjinga! Kumbe sivyo. Mwingereza akisema "a bad singer", kamhukumu mwimbaji mwenyewe. Akisema "she sang badly", kalaumu uimbaji wa siku ile tu. Kesho huenda akaimba vizuri. Kielezi hushika kitenzi, hakimshiki mtu. Ni kweli mitaani, hasa Marekani, husikika "he played bad", mtindo ambao Robert Lowth alikwisha kuukosoa katika sarufi yake ya mwaka 1762. Hata hivyo, kinacholaumiwa bado ni mchezo.

Nasi Kiswahili kimetupa "vibaya", tena "ovyo" na "shaghalabaghala". Mbona basi katika uhakiki wetu tunakimbilia "mwandishi dhaifu"? Tuseme riwaya imefungwa vibaya, kisha tuonyeshe ni sura ipi na kwa nini. Bila ushahidi huo, kielezi nacho hugeuka tusi. Na mwalimu wangu, shikamoo, hoja yangu ililegea wapi?