Kwa nini pampu ya plastiki?

Katika ziara zetu sharikani swali moja limejirudia: kwa nini bajeti ya mradi wa maji imetenga fedha nyingi kwa pampu ndogo ya plastiki, wakati ya chuma ipo dukani kwa bei nafuu? Ni swali la haki, na wafadhili wetu nao wanastahili jibu.

Pampu hiyo haisukumi maji. Inahamisha dawa ya klorini, yaani sodiamu haipokloraiti, kutoka pipa la akiba hadi tangi la kuchanganyia. Dawa hii inaua vijidudu vya kipindupindu, lakini pia inakula chuma. Hata chuma cha pua hutoboka vitundu vidogo vidogo, kwa kuwa klorini huvunja utando mwembamba unaokilinda. Tena, baadhi ya metali, hasa nikeli na shaba, zikiingia kwenye dawa huifanya ipoteze nguvu upesi. Hapo pampu imekufa na maji nayo hayakutibiwa ipasavyo.

Sisi wenyewe tulilijua hilo kwa gharama. Pampu yetu ya kwanza ilikuwa ya chuma, tuliyoichagua kwa bei tu. Ilianza kuvuja kwenye sili, pale shafti inapoingia, na dawa ikamchoma fundi mkononi. Kosa lilikuwa letu.

Pampu ya plastiki hufanya kazi kwa namna ileile: gurudumu lenye mapanga huzunguka kwa kasi na kurusha dawa kutoka katikati kwenda pembeni, hadi kwenye bomba la kutokea. Ila sehemu zote zinazoguswa na dawa ni za plastiki, kauri au mpira maalumu. Nyingi hazina shafti inayopenya ukuta. Mota huzungusha sumaku nje, nayo huvuta sumaku nyingine iliyofunikwa kwa plastiki ndani. Hakuna tundu, hivyo hakuna sili ya kuvuja.

Lakini plastiki zinatofautiana. Polipropilini huvumilia asidi nyingi, ila klorini kali huichakaza polepole. Kwa dawa hii PVDF hudumu zaidi, ingawa ni ghali. Kwa hiyo kamati zisikubali profoma iliyoandikwa "plastiki" tu. Dai jina la plastiki, na la mpira wa ringi pia.

Adui mkubwa wa pampu hii ni kuzunguka ikiwa kavu. Beringi zake hulainishwa na dawa yenyewe, na dakika chache bila dawa zinatosha kuiharibu. Mhudumu aangalie kwanza kiasi kilichomo kwenye pipa, afungue koki, ndipo awashe. Kamwe asiitumie pampu hiyohiyo kwa asidi: ikikutana na mabaki ya dawa, hutoa gesi ya sumu.

Fundi wa mradi atapita kila usharika wenye tangi kuwaonyesha wahudumu hatua hizo, na funguo za chumba cha dawa zikabidhiwe kwao tu.