Picha Inayosikiwa kwa Sikio

Je, ndugu wasomaji, picha yaweza kusikiwa? Ukimwuliza mzee kijijini atacheka na kukujibu kwamba picha ni kazi ya macho, na sikio halina sehemu yake. Walakini kwa miaka zaidi ya 60 wako watu katika nchi nyingi ambao jioni hukaa uani mwao na radio, wakisikiliza picha za dunia zikishuka toka angani. Hakuna awalipaye mshahara. Ni walimu, mafundi, makarani na wanafunzi, ambao kazi za siku zikiisha hutega antena kama mvuvi ategavyo wavu.

Zawadi kwa kila nchi

Tarehe 1 Aprili 1960 Marekani ilirusha TIROS-1, satelaiti ya kwanza iliyofaulu kuchungua mawingu kutoka juu. Picha zake zilipokewa na vituo vichache tu vyenye mitambo mikubwa. Lakini tarehe 21 Desemba 1963 ikafuata TIROS-8, nayo ilikuwa na jambo jipya: ilipopiga picha, ilizituma chini papo hapo, wazi, bila kuficha na bila kudai malipo. Shabaha ilikuwa kwamba hata nchi isiyo na mali nyingi iweze kuona dhoruba kabla haijafika. Zawadi hiyo iliwekwa kwa ajili ya ofisi za hali ya hewa, lakini mtu wa kawaida hakukatazwa kuichota.

Sauti yageuka picha

Kati ya satelaiti zilizofuata, tatu zilipendwa sana: NOAA-15, NOAA-18 na NOAA-19. Zilizunguka dunia toka ncha ya kaskazini mpaka ya kusini, kwa urefu wa kilometa 800 na zaidi, na kila mzunguko ulichukua dakika 100 na kidogo. Ndani ya kila satelaiti kioo kilizunguka bila kupumzika, kikitazama nchi kwa upana, mstari baada ya mstari. Kila sekunde mistari 2 ilitumwa chini. Penye weupe, kama kilele cha wingu, sauti ilipanda. Penye weusi, kama maji ya ziwa, ilififia. Msikilizaji alisikia tiki-taka, tiki-taka, kama saa ya ukutani iliyoshikwa na haraka. Kompyuta ilipima nguvu ya sauti na kuweka nukta moja moja, nyeupe au nyeusi, mpaka picha ikatokea.

Kila nukta ilikuwa na upana wa kilometa 4 hivi. Kwa hiyo nyumba haikuonekana, wala mji mdogo. Lakini mtu aliye Bukavu aliweza, kwa dakika 12 tu, kuona mawingu toka Sudani mpaka Zimbabwe, na katikati Ziwa Tanganyika limelala kama mkato mweusi wa kisu. Tena picha zilikuja mbili pamoja: moja ya mwanga wa jua, na nyingine ya joto. Hiyo ya pili ilionyesha mawingu hata usiku wa manane.

Na vyombo vyenyewe? Fito 2 za chuma, kila moja sentimeta 53, zilizopanuliwa kama herufi V na kulazwa kuelekea kaskazini na kusini, waya, na kipokezi kidogo ambacho kwanza kilifanyizwa kwa ajili ya televisheni. Tangu mwaka 2012 hivi, watu walipogundua kwamba kipokezi hicho chasikia mawimbi ya namna nyingi, gharama ya kazi hii ilishuka sana. Jambo lisilonunuliwa ni uvumilivu. Satelaiti haimngojei mtu. Ukichelewa dakika 15, imekwisha kupita. Mti ukisimama kati yako nayo, picha yaja na michirizi.

Mwisho wa sauti ile

NOAA-15 ilirushwa mwezi wa Mei 1998, na mafundi walitumaini itafanya kazi miaka 2. Kumbe, ilifanya 27! Lakini chuma nacho huzeeka. NOAA-18 ilizimwa mwezi wa Juni 2025, NOAA-19 tarehe 13 Agosti, na ile kongwe, NOAA-15, tarehe 19 Agosti. Siku hizo za mwisho wapenzi wake walitoka nje na antena zao, wakapokea picha ya kuagana. Wengi walikuwa wamejifunza kwayo wakiwa vijana.

Urusi ilirusha satelaiti zake za Meteor mwaka 2023 na 2024, ambazo nazo hutuma picha bila malipo, karibu na megahezi 137 kama zile za zamani, tena zilizo safi zaidi. Walakini picha hizo husafiri kwa tarakimu, na kwa sikio ni mvumo mtupu. Tiki-taka haiko tena.

Hata hivyo anayetaka kuisikia picha bado hajafungiwa mlango. Katika siku zinazotangazwa mbele, kituo cha kimataifa kinachozunguka dunia kwa urefu wa kilometa 400 hivi hutuma picha kwa sauti katika megahezi 145.8. Picha moja huchukua dakika 2 hivi. Kijana mwenye radio ya masafa hayo aweza kuweka simu yake karibu na spika. Programu yenye kufaa itaisikia sauti na kuichora picha mbele ya macho yake.

Basi, enyi wanafunzi, msianze na matumaini ya kununua. Anzeni na swali kwa mwalimu wenu wa fizikia: kwa nini fito ziwe za sentimeta 53 na si 80? Ulizeni pia sheria ya nchi yenu juu ya radio, maana kusikiliza ni jambo moja, na kutuma sauti ni jambo jingine lihitajilo ruhusa. Kisha tafuteni mahali pa wazi, mbali na miti, mjue saa ya kupita kwa chombo, mfike mapema. Mara ya kwanza huenda mkasikia mvumo tu. Rekebisheni fito, na kesho mrudi pale pale.