Panga la kufuliwa kwa mkono: Likague hivi kabla hujalipa

Panga likikatika wakati wa kufyeka, kipande kinachoruka hakichagui pa kwenda. Kinaweza kumpata aliyelishika au mtu aliye karibu naye. Ndiyo maana anayenunua panga au kisu cha mhunzi anapaswa kuangalia zaidi ya mng'aro wake.

Watu wa Tosamaganga na Nyanda za Juu Kusini kwa jumla si wageni wa vyuma vya kufuliwa kwa mkono. Wakinga walisifika kwa kufua majembe. Wafipa waliyeyusha chuma katika tanuru ndefu za udongo ziitwazo malungu. Mikuki nayo ndiyo iliyokuwa silaha kuu ya Wahehe waliposhinda jeshi la Wajerumani pale Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891.

Siku hizi wahunzi hutumia zaidi vyuma chakavu, na tofauti ya panga zuri na baya huanzia hapo.

Limetokana na chuma gani?

Springi bapa ya gari ni chuma kizuri kwa panga. Ina kaboni ya takriban asilimia 0.6, kiasi kinachotosha kuifanya iwe ngumu ikipashwa moto na kupozwa ghafla. Nondo nyingi za ujenzi zina kaboni kidogo. Panga la nondo linaweza kupendeza macho, lakini makali yake hayadumu. Muulize mhunzi alitumia chuma gani.

Makali magumu, mgongo laini

Mhunzi hupasha chuma hadi kiwe chekundu na sumaku isikishike tena, kisha hukipoza ghafla. Chuma chote kikiwa kigumu sana, panga huvunjika kama kioo. Kikiwa laini chote, hujikunja. Linalotakiwa ni makali magumu na mgongo laini unaohimili pigo.

Kanuni hiyo hiyo ndiyo inayofuatwa na wahunzi wa Nepal wanaofua khukuri, kisu kilichopinda kwa mbele ambacho dunia ilikijua kupitia askari wa Gurkha. Wao pia hutumia springi za malori. Kikishakuwa chekundu, humimina maji ya birika taratibu kwenye makali tu, na mgongo huachwa upoe polepole.

Namna ya kulikagua

Kwanza, elekeza panga kwenye mwanga, ulitazame kuanzia mpini hadi ncha. Lisiwe limepinda upande, na kusiwe na mstari mwembamba kama unywele kwenye makali. Huo ni ufa.

Pili, shika mpini kwa vidole viwili na ugonge ubapa kwa kijiti. Mlio mkavu usiovuma ni dalili ya ufa au mpini uliolegea.

Tatu, pitisha tupa. Kwenye mgongo inapaswa kula kwa urahisi, na kwenye makali ikamate kwa shida. Ikiteleza kabisa kwenye makali, ni magumu mno na yatamegeka. Ikila kwa urahisi pande zote mbili, panga ni laini.

Nne, kandamiza ncha kidogo juu ya ubao, ukiwa umelielekeza mbali na watu. Likipinda kisha likanyooka lenyewe, ni zuri. Likibaki limepinda, liache.

Mwisho, kagua mpini. Chuma kinachopita hadi mwisho wa mpini na kushikwa kwa misumari iliyogongwa pande zote mbili ni imara kuliko kipande kifupi kilichochomekwa tu.

Ukishalinunua

Linoe kwa jiwe na maji. Mashine ya kusaga chuma huunguza makali: ukiona yamegeuka rangi ya bluu, ugumu wake umeondoka mahali hapo, na kunoa tena hakutaurudisha. Baada ya kazi, lifute likauke na ulipake mafuta kidogo, hasa wakati wa mvua. Usilitumie kupigia mawe wala kubandulia misumari.

Mhunzi anayeiamini kazi yake hatakuzuia kupitisha tupa. Akikuzuia, mrudishie panga lake nawe ubaki na fedha zako.