Uvumi uliopoozesha watoto: Funzo la chanjo ya polio Kano

Katika safu hii tumezoea kuzungumzia maji, vyoo, chakula na maradhi. Leo tuzungumzie habari, kwa sababu habari ya uongo inapozagaa wakati wa maradhi huweza kuua na kulemaza sawa na maradhi yenyewe. Jambo hili limekwishatokea, tena kwa Waislamu wenzetu wa kaskazini mwa Nigeria, na athari zake zikafika mpaka hapa Afrika Mashariki.

Polio ni ugonjwa gani?

Polio huletwa na kirusi kinachoingia mwilini kwa njia ya mdomo, kwa maji, chakula au mikono iliyoguswa na kinyesi cha mtu mwenye kirusi hicho. Kirusi huzaliana katika utumbo. Kwa watu wengi hakileti dalili yoyote, au huleta homa ndogo tu ikapita. Lakini kwa kiasi cha mtu 1 katika kila 200 walioambukizwa, huingia katika mishipa ya fahamu na kupoozesha viungo, mara nyingi miguu. Kupooza huko hakuna dawa. Katika kila 100 waliopooza, baina ya 5 na 10 hufariki kwa sababu misuli ya kupumulia imeshindwa kufanya kazi.

Mwaka 1988, ulipoanzishwa mpango wa kutokomeza polio duniani, watoto wapatao 350,000 walikuwa wakipooza kila mwaka katika nchi zaidi ya 125.

Msomaji aishike hesabu hiyo ya 1 kwa 200. Maana yake ni kwamba ukimwona mtoto mmoja amepooza, kirusi kimekwishapita kwa wengi usiowajua. Mzazi anayekataa chanjo leo hataona madhara kesho asubuhi. Atakaa wiki na miezi akisema, "mbona mwanangu mzima?" Na jirani yake akimwona hivyo ataamini kuwa uvumi ulikuwa kweli.

Yaliyotokea Kano

Mwaka 2003 majimbo kadhaa ya kaskazini mwa Nigeria, likiwemo Kano, yalisimamisha chanjo ya matone ya polio. Ilisemwa kuwa matone yamechanganywa na dawa ya kuzuia uzazi ili kupunguza idadi ya Waislamu, na wengine wakasema yana virusi vya Ukimwi. Maneno hayo yalisemwa na watu wenye heshima, wakiwemo viongozi wa dini na hata daktari. Yakapita redioni, misikitini na sokoni.

Kano ilikaa takriban mwaka mzima bila kampeni ya chanjo. Wanigeria walikwenda nje ya nchi kushuhudia chanjo ikipimwa katika maabara, na mabishano yakaendelea. Mwishowe Kano ilikubali chanjo iliyotengenezwa na kiwanda cha Indonesia, nchi yenye Waislamu wengi kuliko karibu nchi yoyote duniani, na kampeni ikaanza tena mwishoni mwa Julai 2004.

Lakini kirusi hakikusubiri mabishano yaishe. Mwaka 2003 Nigeria ilikuwa na wagonjwa 355 wa polio. Mwaka 2004 wakawa 782. Mwaka 2006 wakazidi 1,100, kwa sababu woga ulioingia katika nyoyo za wazazi haukuondoka siku serikali ilipobadili uamuzi.

Kirusi kikasafiri pia. Kilitoka Nigeria kikafika Sudan, kikavuka bahari kwenda Saudia na Yemen, na mwaka 2005 kikaingia Indonesia, nchi iliyokuwa haijaona polio tangu mwaka 1995. Wataalamu walikijua asili yake kwa kuchunguza chembe za urithi za kirusi chenyewe. Watoto wapatao 300 wa Indonesia walipooza. Hebu tuzingatie hapo: nchi ya Kiislamu iliyowatengenezea watu wa Kano chanjo wakaiamini, ndiyo hiyo hiyo iliyopelekewa maradhi. Kutoka Yemen kirusi kilifika Somalia mwaka 2005, na mwaka 2006 kikaonekana katika kambi za wakimbizi za Dadaab nchini Kenya, baada ya Kenya kukaa zaidi ya miaka 20 bila ugonjwa huo.

Kwa nini watu waliamini?

Ni kosa kuwaita watu wa Kano wajinga. Mwaka 1996 uliingia mlipuko mkubwa wa homa ya uti wa mgongo uliowaua maelfu ya watu nchini Nigeria. Wakati huo huo kampuni ya dawa ya Marekani, Pfizer, ilifanya majaribio ya dawa yake mpya iitwayo Trovan kwa watoto wagonjwa mjini Kano. Watoto 200 waliingizwa katika majaribio hayo, nusu wakapewa dawa mpya na nusu dawa nyingine, na 11 walifariki. Familia zilisema hazikuelezwa kuwa watoto wao wanafanyiwa majaribio. Kampuni ilikanusha kosa, ikisema waliofariki waliuawa na ugonjwa. Kesi zikaendelea kwa miaka, na mwaka 2009 yakafikiwa makubaliano na jimbo la Kano ya dola milioni 75.

Kwa hiyo kidonda kilikuwepo. Uvumi unaoenea sana huwa umepandwa juu ya kweli fulani. Watu walikuwa na haki ya kuuliza juu ya Trovan. Kosa lilikuwa kuichukua kweli ya dawa ile na kuibebesha chanjo nyingine, iliyotengenezwa na watu wengine na kutumika kwa miaka mingi duniani kote, Makka na Madina zikiwemo.

Nusu ya kweli

Zipo pia habari zenye nusu ya kweli, na hizi ndizo ngumu zaidi. Utasikia: "Wenyewe wamekiri kuwa chanjo inaleta polio." Ukweli kamili ni huu. Matone ya polio yana kirusi kilichodhoofishwa. Mtoto akipewa, hukitoa kwa muda kupitia choo. Pale ambapo watoto wengi hawajachanjwa na usafi ni duni, kirusi hicho huweza kupita mtoto kwa mtoto kwa muda mrefu, kikabadilika na kurudisha nguvu ya kupoozesha. Hali hiyo ilitokea kaskazini mwa Nigeria kuanzia miaka ya 2005 na 2006, na Burundi ilitangaza mlipuko wa aina hiyo mwaka 2023. Kinga yake ni kuchanja watoto wote, maana kirusi hicho hukosa pa kupita. Anayekata habari katikati humfikisha mzazi kwenye uamuzi ulio kinyume kabisa na unaomkinga mtoto wake.

Hapa na sisi wahudumu wa afya tuna sehemu yetu. Habari za mlipuko huo wa Nigeria zilichelewa kutangazwa kwa wananchi hadi mwaka 2007, na kuchelewa huko kulikosolewa. Mwaka 2011 shirika la ujasusi la Marekani lilitumia kampeni ya chanjo ya homa ya ini kama kisingizio cha kumsaka Osama bin Laden huko Abbottabad, Pakistan. Mwaka 2014 serikali ya Marekani iliahidi kutotumia tena chanjo kwa ujasusi, lakini wachanjaji wa polio walikuwa wamekwishauawa Pakistan. Kano nako, Februari 2013, wachanjaji wasiopungua 9 walipigwa risasi, wengi wao wakina mama. Mwenye kudai aaminiwe lazima naye awe mkweli.

Tufanyeje habari inapofika?

Qur'an katika Surat al-Hujurat, aya ya 6, inatuamuru kuichunguza habari kabla ya kuifanyia kazi, tusije tukawadhuru watu bila kujua kisha tukajuta. Na katika Surat an-Nisaa, aya ya 83, wanalaumiwa wanaotangaza kila jambo la amani au la hofu bila kulirejesha kwa wenye kulijua. Tukiziteremsha aya hizi katika simu zetu, maswali ni haya:

Kwanza, nani kasema? "Wataalamu wamegundua" si jina la mtu. Sauti isiyo na mwenyewe haina wa kuulizwa.

Pili, ana elimu ya jambo hilo? Sheikh mkubwa wa fiqhi na daktari mkubwa wa meno wote wanaweza kukosea katika chanjo.

Tatu, habari ni ya lini na ya wapi? Picha ya mwaka 2013 hurudi leo na maelezo mapya.

Nne, nani mwingine amethibitisha? Uliza kituo cha afya kilicho karibu, tena uulize uso kwa uso na ukiwa na kadi ya mtoto mkononi.

Tano, nikiifuata na ikawa uongo, nani ataumia? Mwaka 2020, wakati wa corona, mamia ya watu nchini Iran walikufa kwa kunywa pombe ya sumu baada ya kuvuma kuwa pombe inatibu maradhi hayo. Aliyesambaza habari hiyo hakunywa yeye.

Ukikosa majibu, usisambaze. Neno "nimeipokea kama ilivyo" halimwondolei mtu dhima. Mtume (SAW) ametufundisha kuwa kusimulia kila unachokisikia kunatosha kumfanya mtu awe mwongo.

Jukumu la kila nyumba

Agosti 2020 Afrika ilitangazwa kuwa imetokomeza polio ya asili. Hilo lilifikiwa baada ya Sultan wa Sokoto na maemiri wa kaskazini mwa Nigeria kusimama wenyewe kuhimiza chanjo. Wenye sauti misikitini ndio waliouzima moto uliowahi kuwashwa misikitini. Hata hivyo Februari 2022 Malawi ilitangaza mgonjwa mwenye kirusi kilichotokana na kile cha Pakistan, na Tanzania ikalazimika kufanya kampeni ya matone mwaka huo. Mlango haujafungwa.

Basi mzazi afanye mambo mawili wiki hii. Aangalie kadi ya kliniki: matone hutolewa mtoto anapozaliwa, kisha wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na sindano ya polio wiki ya 14. Penye pengo ampeleke mtoto, asione haya kuchelewa. La pili, ahimize kunawa mikono kwa sabuni baada ya chooni na kabla ya kula. Maji ya istinjai bila sabuni hayatoshi kuondoa vijidudu mikononi, na usafi peke yake hautoshi bila chanjo.

Na mwenye shaka aje aulize. Swali linaloletwa kituoni hujibiwa. Linaloishia kwenye simu humrudia mtoto.

Wabillahi tawfiiq.