Ufunguo Asioujua Mtawala

Tangu kale mtawala aliyewaogopa raia wake alikuwa na njia mbili za kuzipata siri zao: ama azifungue barua zikiwa njiani, ama amshike mwenyewe na kumlazimisha aseme. Elimu ya usimbaji, ambayo huyageuza maneno ya wazi yasisomeke ila kwa aliye na ufunguo, imeidhoofisha mno njia ya kwanza; ndiyo maana dola nyingi zimeielekea ya pili, zikidai ufunguo wenyewe. Wala si dola za kijabari peke yake, kwani Marekani ilipotangaza chipu ya Clipper mwaka 1993 ilikusudia kila ufunguo ugawanywe nusu mbili, ziwekwe amana katika idara mbili za serikali; na sheria ya Uingereza ya mwaka 2000 yaruhusu kumfunga hadi miaka 2, au 5 panapohusika usalama wa taifa, mtu anayekataa kuutoa ufunguo alioamriwa kuutoa. Penye mahakama huru, mtu huyo walau ana pa kushtakia. Pasipo na mahakama huru, mwandishi wa habari aliyetiwa mbaroni huutoa ufunguo, na pamoja nao majina ya wote waliomwamini.

Kwa ajili ya watu wa namna hii, mwaka 2022 wataalamu Giuseppe Persiano, Duong Hieu Phan na Moti Yung waliuliza swali ambalo likisikika kwanza huonekana halina jibu: je, yamkini mtu amkabidhi dhalimu ufunguo wake wa kweli, dhalimu azifungue barua zote na kuzisoma, na bado siri isalimike ndani ya barua zile zile? Njia hiyo waliiita usimbaji wa anamofiki, wakathibitisha kwamba mifumo iliyokuwa ikijulikana kwa miaka mingi, ambayo walioibuni hawakukusudia kuficha jambo la pili, tayari ina nafasi hiyo.

Nafasi yenyewe imezaliwa na sharti la usalama, na hapa, kwa maoni yangu, ndipo ulipo uzuri wa jambo hili. Katika mifumo hii ufunguo wa kufungulia ndio wa siri, lakini wa kufungia ni wa hadhara, kila mtu aweza kuutumia. Hivyo kama neno moja lingetoa daima maandishi yale yale, mpelelezi angelifunga mwenyewe "ndiyo" na "hapana", akalinganisha, akajua jibu bila ya kufungua chochote. Kwa sababu hiyo, tangu kazi ya Shafi Goldwasser na Silvio Micali ya mwaka 1982, ujumbe huchanganywa na namba za bahati nasibu, hata barua moja ikifungwa mara mia itoke na sura mia mbalimbali. Basi mwandishi aweza kuchagua miongoni mwa sura hizo. Wawili waliokwisha kupatana juu ya ufunguo wa pili, ambao mtawala hana habari nao, huifanyia kila sura, kwa ufunguo huo, hesabu itoayo 0 au 1; mwandishi huifunga tena na tena salamu ya kawaida, kwamba mama hajambo na ada ya shule imelipwa, mpaka ipatikane sura yenye tarakimu aitakayo, ndipo huituma. Kwa wastani hufunga mara 2 kwa tarakimu moja. Akitaka tarakimu 8 kwa pamoja, zitoshazo herufi moja, hufunga mara 256, kazi ambayo kompyuta huimaliza kufumba na kufumbua. Mtawala akifungua hukuta mama hajambo, na namba zisizo na mpango wowote machoni pake.

Gustavus Simmons wa Marekani alikwisha kudokeza jambo la jamii hii mwaka 1983, kwa mfano wa wafungwa wawili wapelekeanao habari mbele ya askari wa gereza azisomaye zote.

Hata hivyo, hesabu haimkingi mtu na kipigo, na wawili hao lazima wawe wamepeana ufunguo wa pili kabla hawajatenganishwa. Fauka ya hayo, ushahidi wote huu wasimama juu ya mfumo ambao mtawala hakuuchagua yeye. Akipata kuwalazimisha raia watumie programu aliyoiunda mwenyewe, isiyomwachia mwandishi hiari ya kuchagua namba zake, nafasi ile aweza kuiziba.